Kikulacho ki Mezani: Riwaya ya Upelelezi na Mchungaji Anayeisoma

Katika miji ya Ulaya na Marekani imekuwapo desturi ya kumkaribisha mwandishi wa riwaya za mauaji ale chakula cha jioni pamoja na wasomaji wake wachache. Mgahawa mdogo hukodiwa, meza huandaliwa kwa watu kumi na wawili au ishirini, kila mmoja hulipa sehemu yake, na mwandishi mgeni huketi kati yao akiulizwa, baina ya supu na nyama, ni wapi anakopata mawazo ya kuwaua watu kwa ustadi namna ile. Kisha hutia sahihi vitabu, na watu hurudi makwao wakiwa wamefurahi.

Si vigumu kuiwazia karamu ya namna hiyo hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, migahawa imeongezeka. Treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 humleta mgeni kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Hata mvinyo wa mezani hautoki mbali, kwa kuwa zabibu zake zimelimwa kwenye udongo wetu. Kinachokosekana ni mgeni mwenyewe, pamoja na swali la maana la kumwuliza. Katika makala hii nataka kulitafuta swali hilo, nikiwaandikia hasa ndugu zangu wachungaji na wanafunzi wa theolojia, ambao wengi wao husoma riwaya za upelelezi kwa siri, na kuzificha chini ya vitabu vya mafafanuzi ya Maandiko mgeni anapobisha hodi.

Nasema hivi: meza ni imani ya riwaya ya upelelezi, wala haikuwekwa pale kuwa pambo. Tangu riwaya hiyo ilipokomaa imeshikilia fundisho moja, kwamba aliyeua ameketi pamoja nasi. Amekula tulichokula, ametupa pole ya msiba, na yamkini ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Waswahili walilisema zamani kwa maneno machache: kikulacho ki nguoni mwako. Naamini kwamba fundisho hilo Kanisa la nyanda za kati linalihitaji sana, na nitaeleza sababu. Lakini naamini pia kwamba riwaya hiyo huishia pale pale ambapo kazi ya mtumishi wa Injili inaanzia.

Tutazame kwanza meza iliyo mashuhuri kupita zote. Mwaka 1930 waandishi wa upelelezi wa Uingereza waliunda chama chao mjini London, wakakiita Detection Club. Kazi yake kubwa ilikuwa kula pamoja. Rais wake wa kwanza alikuwa G. K. Chesterton, mwandishi wa visa vya Padre Brown; mmoja wa wanachama wake alikuwa Ronald Knox, padre wa Kikatoliki na mtoto wa askofu wa Kianglikana; na mwingine alikuwa Dorothy L. Sayers, binti wa kasisi, ambaye baadaye aliandika vitabu vya theolojia vinavyosomwa mpaka leo. Mwanachama mpya alikula kiapo mbele ya fuvu la kichwa cha mtu. Sehemu ya mzaha ya kiapo hicho tunaweza kuiacha. Ndani yake, hata hivyo, lilikuwamo jambo zito: mwandishi aliahidi kwamba mpelelezi wake hatamgundua mhalifu kwa ufunuo, wala kwa uganga, wala kwa bahati, bali kwa akili na ushahidi. Padre Knox mwenyewe alikuwa ameandika kanuni zake kumi mwaka 1929. Ya kwanza yadai kwamba mhalifu awe mtu aliyetajwa mapema katika kisa, na ya pili yafukuza kabisa nguvu zisizo za kibinadamu katika kufumbua fumbo.

Hebu tulitafakari jambo hili. Mtu aliyeamini miujiza na kuadhimisha sakramenti kila siku ndiye aliyewakataza waandishi wasitumie pepo wala mizimu katika kumtafuta muuaji. Sidhani kwamba kulikuwa na ukinzani moyoni mwake. Alijua kwamba mara tu tunapokubali jini kuwa jibu la swali la nani ameua, binadamu aliyeua anakwenda zake salama, na binadamu asiyeua anaanza kuogopa usiku.

Kati ya riwaya zinazoitumia meza ya mgahawa kwa ustadi, sijaona inayoipita ile ya Agatha Christie iitwayo Sparkling Cyanide, ya mwaka 1945. Watu saba waketi katika mgahawa wa fahari mjini London kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwanamke mmoja, Rosemary; anywa mvinyo, afa palepale. Watu wasema amejiua. Baada ya mwaka mmoja mumewe awakusanya wageni walewale, katika mgahawa uleule, kwenye meza ileile, na kiti kimoja kimeachwa kitupu. Naye anywa, naye afa. Fumbo laonekana halina ufumbuzi, kwa kuwa hakuna hata mmoja wa walioketi aliyeonekana akikigusa kikombe chake. Ufumbuzi ni kwamba mmoja wa wahalifu wawili alipita mezani akiwa amevaa kama mhudumu. Wote walimwona, na hakuna aliyemtazama. Anayeleta chakula hana uso.

Naomba ndugu msomaji asilipite jambo hili haraka. Christie alikuwa mwandishi wa watu wenye nafasi, na mara nyingi hulaumiwa kwa kuandika kana kwamba watumishi wa nyumbani ni samani. Hapa, kwa kujua au kwa kutojua, aliugeuza upofu huo kuwa shimo ambalo wenyewe wenye meza wanaliangukia. Ni hukumu kali juu ya karamu yoyote ya faragha. Mwaonaje, wale wanaolipa kukaa na mwandishi mgeni, wangeweza kuueleza uso wa binti aliyewaletea sahani? Ningependa kuona mwandishi akiulizwa hilo kabla ya kuulizwa juu ya sumu.

Upofu huo tunaukuta tena karibu na kwetu, na safari hii hakuna ustadi unaousahihisha. Mwaka 1959 mwandishi Mwingereza M. M. Kaye, mke wa afisa wa jeshi, alitoa riwaya ya mauaji juu ya Unguja, ambayo ilichapishwa tena mwaka 1983 kwa jina la Death in Zanzibar. Binti mmoja asafiri kutoka Uingereza kwenda kwa baba yake wa kambo, mtunzi mashuhuri wa riwaya, anayeishi katika nyumba ya zamani iitwayo Kivulimi. Wageni wakusanyika, mmoja wao akiwa mchapishaji wa vitabu vya mtunzi huyo, na vifo vyafuata. Kwa hiyo tuna hapa karamu yetu kamili: mtunzi, wageni wachache, chakula, na muuaji kati yao. Kitabu kinasomeka vizuri, na bustani na bahari vimeandikwa na mtu aliyeviona na kuvipenda. Lakini wenyeji wa kisiwa aghalabu huja na chai na kuondoka. Duara la watuhumiwa ni duara la waliokaribishwa kula. Mwafrika hastahili hata kushukiwa! Ni heshima ya ajabu, na ukiichunguza huioni kuwa heshima. Asiyeweza kuwa na hatia katika kisa, hawezi kuwa na nafsi ndani yake.

Mwaka uliofuata, 1960, ilichapishwa riwaya nyingine ya mauaji yenye mandhari hiyo ya visiwani, iliyokwisha kupata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958. Hiyo ni Mzimu wa Watu wa Kale. Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko, ambaye jina lake limefichwa ndani ya herufi tatu za mwanzo za majina ya mwandishi mwenyewe. Wahakiki wamesema mara nyingi kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa kanzu. Kiko kweli ni cha Holmes. Lakini mhakiki anayeishia hapo amehesabu vifungo vya kanzu akamsahau aliyeivaa.

Abdulla aliuchukua mtindo wa wageni na kuutumia kwa swali ambalo ni letu sisi. Kifo kimetokea penye mzimu. Watu wa mahali hapo wanalo jibu tayari, tena jibu la heshima, la wazee, lisilomwudhi mtu aliye hai: watu wa kale wamekasirika. Bwana Msa hawacheki wanaoamini hivyo, wala hahubiri. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani anarithi, nani alimjua nani. Hatua kwa hatua mzimu unarudi mahali pake, na mkono wa binadamu unabaki peke yake mwangani. Katika riwaya zilizofuata, kama Kisima cha Giningi ya mwaka 1968 na Mwana wa Yungi Hulewa ya mwaka 1976, giza linalochunguzwa ni la ukoo: watoto waliofichwa, nasaba zilizogeuzwa, mirathi, ndoa zenye siri. Hatia ya Abdulla imo ndani ya nyumba, hula kwenye sinia moja na wenzake. Na mwaka 1984 alitoa Kosa la Bwana Msa, ambapo jina tu la kitabu linatangaza kwamba mchunguzi naye ni mtu wa kukosea. Sijui mwandishi wa Kiingereza wa kizazi chake aliyekuwa na ujasiri wa kumwandikia mpelelezi wake kichwa cha kitabu cha namna hiyo.

Waliomfuata Tanzania Bara walichagua njia nyingine. Faraji Katalambulla alianza vizuri na Simu ya Kifo mwaka 1965. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 meza ya nyumbani iliachwa, watu wakahamia hotelini. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa (1958–2008), hula na kunywa katika hoteli kubwa pamoja na wanawake wazuri, na adui zao hutoka mbali: makaburu, majasusi, mamluki. Nilipenda kuzisoma, na sitakana. Mtobwa alijua kuandika usiku wa mji. Dar es Salaam Usiku, ya mwaka 1990, ina huruma juu ya watu waliopotea ambayo mahubiri mengi hayana. Hata hivyo kitu kikubwa kilipotea njiani. Adui akiwa mgeni, msomaji hana la kuogopa juu ya nafsi yake. Bwana Msa alitufanya tuwatazame ndugu zetu mezani. Willy Gamba hutufanya tutazame mpakani.

Basi yatupasa kuuliza swali lililo zito zaidi. Mambo haya yanamhusu nini mchungaji wa Kongwa, Manyoni au Iramba?

Yanamhusu kwa sababu naye huulizwa swali la riwaya. Mtoto amekufa kwa homa, au kijana ameanguka na baiskeli, au ng'ombe wamekwisha. Waombolezaji wamekaa chini ya mti, ugali wa uwele na mlenda umeletwa, na baada ya kula mzee mmoja anauliza kwa sauti ya chini, ni nani? Haulizi ni nini. Na tofauti na riwaya, jibu la kijijini mara nyingi humwendea yule ambaye hakuketi kula: mjane mzee anayeishi pembeni, asiye na mtoto wa kumtetea, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa mafiga ya miaka hamsini. Mauaji ya akina mama wazee kwa tuhuma za uchawi yameitia nchi yetu aibu kwa miaka mingi, hasa mikoa iliyo magharibi na kaskazini mwetu, na hakuna anayeweza kusema kwamba nyanda zetu ni safi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inahesabu kuwa kosa hata kule kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuieleza sheria hiyo katika usharika?

Uwanda huu wenyewe una kisa ambacho kingemtosha mwandishi yeyote. Katika miaka ya 1940, hasa kuanzia mwaka 1946, watu wengi waliuawa katika wilaya ya Singida, na maiti zao zilikuwa na majeraha kama ya makucha. Wapo waliosema ni simba. Wapo waliosema ni watu waliogeuzwa kuwa simba kwa uchawi. Uchunguzi na kesi zilizofuata zilionyesha kwamba walikuwa binadamu waliovikwa ngozi na kutumia visu, na kwamba nyuma yao walikuwapo watu wenye visasi na tamaa zao, majirani wa waliouawa. Waliopatikana na hatia walinyongwa. Hapa kanuni ya Padre Knox inaacha kuwa mchezo wa waandishi wa London. Muda wote watu walipoamini simba wa kichawi, wenye visu walikuwa salama. Imani katika jambo la kutisha ndiyo iliyokuwa vazi lao la mhudumu; walipita mbele ya macho ya watu na hawakutazamwa.

Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa siku hizi makanisani mwetu wamezuka wahubiri wanaojua kufanya kazi ya mganga kwa lugha ya Roho Mtakatifu. Husimama mbele ya watu wenye shida na kusema kwamba adui yako ni mtu wa karibu, ni jirani, ni shangazi, amekuzika katika chungu. Sentensi hiyo inafanana kwa sura na fundisho la riwaya ya upelelezi, nalo ndilo linaloifanya iwe hatari. Bwana Msa husema muuaji yu karibu, kisha anachukua kurasa mia moja kuthibitisha, akiwaondolea lawama mmoja baada ya mwingine wote wasiohusika. Mhubiri husema adui yu karibu, kisha anakusanya sadaka. Sehemu kubwa ya riwaya nzuri ya upelelezi ni kazi ya kuwatetea watu waliodhaniwa vibaya. Wasomaji husahau jambo hili kwa sababu hukumbuka ukurasa wa mwisho tu.

Naye Mungu hakuwaacha watu wake bila kielelezo. Sayers, alipokusanya hadithi za upelelezi katika kitabu kikubwa mwaka 1928, alianza na visa viwili vya Danieli kutoka Apokrifa, kile cha Susana na kile cha sanamu ya Beli. Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952, tunayoitumia sana, haina visa hivyo. Lakini Luther aliviweka katika Biblia yake ya mwaka 1534, katika fungu la vitabu ambavyo si sawa na Maandiko bali vyafaa kusomwa. Kisa cha Beli ni kisa cha meza. Kila usiku sanamu huandaliwa unga, kondoo na divai. Asubuhi vyote vimekwisha. Mfalme aamini kwamba mungu wake amekula. Danieli habishani juu ya theolojia. Anyunyiza majivu sakafuni na kuufunga mlango. Asubuhi nyayo zaonekana, za wanaume, wanawake na watoto: makuhani sabini na jamaa zao walikuwa wakiingia kwa mlango wa siri na kula. Nabii wa Bwana, aliyefunuliwa ndoto za wafalme, hapa hakuomba ufunuo. Alitumia majivu. Napendekeza kisa hiki kifundishwe katika kila darasa la huduma ya kichungaji, hata kama hakisomwi madhabahuni.

Lakini kisa hicho kina mwisho. Mfalme akasirika, nao makuhani wauawa, pamoja na wake zao na watoto wao. Wale watoto ambao nyayo zao ndogo zilikuwa ushahidi! Msimulizi hasiti hata kidogo. Na hapo ndipo ninapoanza kuitilia shaka riwaya ya upelelezi, baada ya kuisifu kwa muda mrefu hivi.

Mshairi W. H. Auden, aliyekuwa Mkristo na mraibu wa riwaya hizi kwa ungamo lake mwenyewe, aliandika mwaka 1948 kwamba msomaji wake hutafuta kurudishwa bustanini. Jamii ilikuwa safi; mmoja akaichafua; mpelelezi amtoa huyo mmoja; sisi wengine twarudi kuwa wasio na hatia. Kwa Mlutheri maneno hayo yana harufu inayojulikana. Ni haki ya nafsi kwa njia ya mtu mwingine aliyetolewa nje. Katekisimo Kubwa, inapoeleza amri ya nane, inapambanua kati ya kuijua dhambi ya jirani na kuihukumu: kuijua kunaweza kumpata mtu yeyote, kuihukumu ni kwa aliyepewa wajibu huo. Mpelelezi wa riwaya huivunja mipaka hiyo kila mara, nasi humpigia makofi.

Nathani naye alimwendea Daudi na kisa cha uhalifu: tajiri, maskini, na mwana-kondoo aliyekula tonge la bwana wake. Mfalme alisikiliza kama tunavyosoma sisi, akakasirika, akatoa hukumu. Kisha kidole kikamgeukia msikilizaji. Riwaya ya kawaida haithubutu kufanya hivyo, kwa maana msomaji amenunua kitabu ili kidole kimwelekee mwingine. Chesterton alikaribia. Katika kitabu cha mwaka 1927, Padre Brown aulizwa siri ya ufanisi wake, naye ajibu kwa kueleza kwamba wauaji wote wale alikuwa yeye: alimwingia kila mmoja moyoni mpaka akaona jinsi ambavyo naye angeweza kutenda vilevile. Hilo ni fundisho letu la mtu aliye mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, limetoka kinywani mwa padre wa Kirumi. Sayers alikwenda mbali zaidi katika The Nine Tailors ya mwaka 1934. Mtu ameuawa katika kanisa la kijiji, na muuaji anatafutwa kitabu kizima, mpaka inapojulikana kwamba alifungiwa mnarani na kuuawa na mshindo wa kengele zilipopigwa usiku kucha wa kuamkia mwaka mpya. Wapiga kengele wote walimuua, kwa kumsifu Mungu, bila kujua, na mpelelezi mwenyewe alikuwa ameshika kamba mojawapo. Hapo hakuna wa kumtoa nje. Sijapata kusoma riwaya nyingine iliyoielewa dhambi ya asili vizuri namna hiyo.

Katika chumba cha juu Yerusalemu palikuwapo pia chakula cha jioni cha watu wachache, na mwenyeji alitangaza kwamba mmoja wa waliokula naye angemsaliti. Marko asimulia kwamba wanafunzi hawakuanza kunyosheana vidole. Kila mmoja aliuliza juu ya nafsi yake. Na Yohana asimulia kwamba mwenyeji alipomtambulisha mhalifu, alimtambulisha kwa kumpa tonge. Mpelelezi gani amefanya hivyo? Alijua, alikuwa na ushahidi wote, na alimlisha.

Mjini Dodoma lipo Gereza Kuu la Isanga. Sheria yetu inaamuru adhabu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia, lakini tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, kwa hiyo waliohukumiwa hukaa wakingoja mwaka baada ya mwaka. Riwaya zote nilizozitaja zimekwisha kabla ya wakati huo. Mama wa muuaji hayumo, wala mtoto wa aliyeuawa anayekua na kuuliza maswali. Mchungaji apelekaye Chakula cha Bwana katika gereza kama hilo huketi mezani na mtu ambaye jina lake lilikwisha kufumbuliwa zamani, na ambaye fumbo lake halijaisha. Riwaya ya mauaji inayoanzia hapo, siku ya kwanza baada ya hukumu, bado sijaisoma kwa Kiswahili. Mwandishi mgeni akija kula nasi Dodoma, aulizwe kama amewahi kuianza, na kama aliiacha, aliiacha ukurasa gani.